Malaba Ikikuweka, Zuru Moding

Ndugu zangu wa pwani, wengi wetu twaijua Malaba kwa jambo moja tu, nalo ni foleni. Kijana akikawia kurudi kutoka Kampala, mamake huambiwa yuko Malaba, na neno hilo hutosha. Hakuna aulizaye Malaba kuna nini. Makontena yashushwayo Kilindini hupanda bara kwa malori mpaka pale, na hapo kila mwenye haraka hugeuka mwenye kungoja. Mwezi wa Januari 2022, madereva walipogoma kwa sababu ya ada ya kupimwa UVIKO-19 upande wa Uganda, foleni ilirudi nyuma makilomita kwa makilomita ndani ya Kenya, na watu wakalala chini ya malori yao.

Haki isemwe, mambo si kama ya zamani. Siku hizi pana kituo cha pamoja: lori liingialo Uganda hukaguliwa upande wa Uganda tu, na maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Kile cha Busia kilifunguliwa na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi wa Februari 2018. Lakini karatasi ni karatasi. Tarakimu moja ikipishana na nyenziwe, dereva huambiwa "kesho", na kesho hiyo huzaa kesho nyingine.

Ndivyo ilivyotukuta mimi na kijana wa mtaani kwetu, aliyenikirimu kiti katika lori lake kutoka Mombasa. Yeye hulipwa kwa safari, si kwa siku. Basi kila jua likichwa pale linakula mfukoni mwake, na ada ya shule ya wanawe imo humo humo. Jioni ya kwanza, tukitawadha kwa maji ya dumu, aliniuliza:

"Ami, mimi hapa ni msafiri ama ni mkaazi?"

Si swali dogo hilo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekatika, na adhuhuri, alasiri na isha atazisali rakaa nne nne. Lakini aliyezuiwa na haja anayoitarajia kutimia wakati wowote, leo au kesho, huyo ana ruhusa ya kupunguza mpaka siku 18, kwa kuwa Mtume, sala na salamu zimshukie, alipunguza kadiri hiyo alipokaa Makka mwaka ilipofunguliwa. Maulamaa walioyaandika haya hawakuliona lori, ila mtu anayengoja walimjua vizuri.

"Wewe ni msafiri, mwanangu," nikamwambia. "Ila ukisali nyuma ya imamu mkaazi, timiza naye nne zake."

Akacheka. "Msafiri gani mie, ami? Miaka 12 napita hapa, sijapata kutoka nje ya lami."

Kulipokucha tukamwacha utingo alinde turubai na mafuta, nasi tukapanda bodaboda njia ya Moding. Mara kelele za injini zikakatika. Ni nchi ya wimbi, mtama na mihogo, yenye majabali yaliyokaa mashambani kama mitumbwi iliyopinduliwa. Wenyeji ni Wateso, na jamaa zao wako ng'ambo vile vile. Mkojani wetu alituambia ana shangazi Uganda, wakamtembelea kwa miguu. Nchi hii yote ilihesabiwa Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipouhamisha mkoa ule wa mashariki kuuingiza upande wa pili. Wimbi lao wenyeji wengine hulifanyia pombe inywewayo chunguni kwa mirija mirefu. Sisi tulikunywa uji wake, ulio mzito na mtamu.

Tulichokifuata hasa ni mwamba wa Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, unaotunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Umeinama mbele kama baraza, na ukutani pana duara juu ya duara, nyekundu na nyeupe, zinazonasibishwa na Watwa, wawindaji wa kale. Wapo na ng'ombe, wa wafugaji waliokuja baadaye. Mimi nilikanywa chuoni nisichore chenye roho, na fimbo ya mwalimu naikumbuka; hata hivyo nilisimama mbele ya ng'ombe wale hata shingo ikaniuma.

Lakini kilichonitikisa zaidi hakimo ukutani. Chini ya mwamba ule wataalamu wamechimba, akiwamo Emmanuel Ndiema wa Makumbusho, na mwaka 2024 wakachapisha habari za punje ya kunde iliyoungua, yenye umri wa miaka 2,300. Hakuna ushahidi wa kilimo cha mimea ulio mkongwe kuliko huo uliopata kuonekana katika Afrika ya Mashariki. Kunde asili yake ni magharibi ya Afrika, na wao waonelea yaelekea ilifika na wakulima wa lugha za Kibantu. Lugha za ukoo mmoja, yaani, na hii unayoisoma. Kunde zile zile tuzipikazo kwa nazi Ramadhani, na watu wetu tukiwaita wa Moding "watu wa bara" kana kwamba hatuna tulilopokea kutoka huko!

Dereva wangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama jambo hili lafundishwa shuleni kwa wanawe. Sikuwa na la kumjibu.

Turudipo tulisimama sokoni Moding, akanunua gorogoro moja ya kunde kavu, ndiyo pishi ya huko, akaifunga katika mfuko kumpelekea mamake Kisauni. Karatasi zilitoka kesho yake alasiri. Isha tuliisali Tororo, rakaa mbili.