Kabla Hujalipia Safari ya Jangwani, Uliza Upepo wa Tairi

Mtu wa Murusagamba hahitaji kufundishwa barabara mbaya ni nini. Kata hii iko kusini mwa wilaya ya Ngara, jirani na mpaka wa Burundi, na masika yakikolea udongo mwekundu wa miteremko yetu hugeuka utelezi unaomtoa jasho hata dereva wa lori aliyezeeka kwenye usukani. Ndiyo maana watu wa Ngara na Biharamulo wanapoulizia safari za magari jangwani, wengi hujiona nusu ya kazi wanaijua. Makala haya yanahusu nusu ya pili. Mchanga una tabia zake, na uzoefu wa matope mara nyingine ndio unaomponza mtu.

Maswali haya yameongezeka, na sababu zake ziko wazi. Mfanyabiashara anakwenda Dubai kufuata mzigo, akimaliza shughuli zake Deira anauziwa safari ya jioni kwenye matuta mekundu ya Lahbab. Mwingine ana ndugu Muscat, Oman, anaalikwa kwenda Bidiya, lango la mchanga wa Wahiba. Mwingine amesikia habari za Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Karibu wote huchagua kwa bei na kwa picha za kwenye simu. Picha inaonyesha gari likishuka tuta. Haionyeshi kama ndani kuna mikanda inayofunga, wala kama kuna mtu wa kulivuta likikwama.

Mimi swali langu la kwanza huwa ni upepo wa tairi. Tairi la Land Cruiser linalokwenda lami hujazwa PSI 35 hadi 40 hivi. Likiingia mchangani likiwa gumu namna hiyo linagusa ardhi kwa eneo dogo, na uzito wote wa gari unakaa hapo, basi linachimba. Dereva anayeijua kazi husimama lami inapoishia, akashuka na kipimo mkononi, akatoa upepo tairi moja baada ya jingine mpaka PSI 15 au 18. Ukimwangalia utaona tairi linavyolala: tumbo linatoka pembeni kidogo, na alama yake mchangani inakuwa ndefu. Uzito umesambaa, gari linaelea. Wakati wa kurudi analijaza tena kabla ya kushika kasi, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hupata joto kali kwenye lami na linaweza kupasuka. Kwa hiyo gari la jangwani ni lazima liwe na kipimo cha upepo na pampu inayofanya kazi. Omba uonyeshwe vyote viwili. Mwenye gari aliyejiandaa hatakasirika, atakufungulia buti.

Uzoefu wetu wa matope unadanganya hasa gari linapoanza kuzama. Kwenye matope tumezoea kukanyaga mafuta na kusukuma huku tukipiga kelele. Mchangani, kila mzunguko wa gurudumu linaloteleza unazidi kulifukia, na baada ya sekunde chache gari limekaa kwa tumbo. Dereva mzuri huachia mafuta mara moja, anashuka, anachimba mbele na nyuma ya magurudumu kwa koleo, kisha anarudi nyuma kwa kufuata alama zake mwenyewe. Hapo linakuja suala la gari la pili. Safari ya gari moja ndani kabisa ya jangwa siipendekezi kwa mtu yeyote, hata dereva awe na sifa namna gani.

Na gari la pili likifika, angalia wanafunga kamba wapi. Kuna kile kichwa cha chuma cha mviringo kilicho nyuma ya gari kwa ajili ya kukokota tela. Kimetengenezwa kwa tela, na kazi yake inaishia hapo. Ukifunga kamba pale na kuvuta gari lililozama, kinaweza kukatika na kuruka kwa nguvu ya kutoboa kioo na kuua. Watu wamekufa hivyo, Australia kwa mfano. Kamba ifungwe kwenye ndoano zilizoshikizwa kwenye chesi, na abiria wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe. Ukiona watu wameachwa wasogee karibu kupiga picha wakati kamba imekaza, ondoka hapo na uwaondoe wanao.

Jambo la pili ni mwongozaji mwenye uwezo wa kusema hapana. Chalbi ni mfano mzuri. Lile jangwa lilikuwa ziwa zamani, na sakafu yake ni tambarare ya chumvi na udongo. Kiangazi unaweza kuivuka kwa raha. Mvua ikinyesha, juu panaweza kuonekana pakavu, gamba jeupe lisilo na dosari, kumbe chini ni tope. Gari likitoboa gamba hilo, kulitoa ni kazi ya siku nzima au zaidi. Wagabra wanaoishi Kalacha, North Horr na Maikona wanaijua ardhi hiyo kwa kuipitisha ngamia na mbuzi miaka yote, na kampuni yenye busara humpandisha mwenyeji mmojawapo kwenye gari la mbele. Hata kwetu, kingo za Ziwa Natron zenye magadi zina hatari ya namna hiyo hiyo. Muulize anayekuuzia safari: mvua ikinyesha usiku wa kuamkia safari, mtafanyaje? Jibu la kweli litataja njia ya kuzunguka, au kuahirisha, na litaeleza fedha zako zitarudi vipi. Liandikwe kwenye risiti.

Oman ina nafuu moja kwa msemaji wa Kiswahili. Mchanga wa Wahiba, unaonyooka kiasi cha kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini, uko katika Sharqiya, na mji wa Ibra wa huko huko ndiko zilikotoka koo za Harthi na Barwani zilizokuja Zanzibar na bara. Hadi leo Kiswahili kinasikika huko. Tumia bahati hiyo kueleza mambo ambayo watu huyameza kwa kukosa lugha: nina presha, mke wangu ni mjamzito, nimewahi kupasuliwa mgongo. Mjamzito na mwenye mgongo mbovu wasipande kabisa gari la kurukia matuta. Nenda kati ya Oktoba na Machi. Katikati ya mwaka joto la huko huvuka nyuzi 45, na hapo lita tano za maji ya kunywa kwa mtu mmoja kwa siku si anasa.

Vijana wetu wa bodaboda nawaomba wanisikilize hapa. Ile pikipiki ya magurudumu manne inayokodishwa pembeni mwa matuta huonekana nyepesi kwa mtu aliyezoea kubeba mikungu mitatu ya ndizi kwenye mlima wa Rulenge. Lakini bodaboda unailaza kwenye kona, na mwili wako umeshazoea hivyo. Hii hailali. Ukikata kona kwa kasi, au ukipanda tuta kwa mshazari, inapinduka, na kwa uzito wake ikikuangukia kifuani inavunja mbavu. Kofia ngumu, kasi ndogo, na mwongozaji anayetangulia. Mtoto asipewe ya mtu mzima. Mahali wanapokupa funguo kabla ya kukupa kofia, usikodi.

Kwa asiye na nauli ya Muscat wala Chalbi, nchi yetu ina tuta moja la ajabu. Karibu na Olduvai, katika eneo la Ngorongoro, lipo tuta la majivu meusi ya volkano lenye umbo la mwezi mchanga, kimo chake mita tisa hivi, linalosukumwa na upepo mita kadhaa kila mwaka. Hilo ni la kutazama kwa miguu. Gari halipandi.

Karibu zaidi, mlangoni kwetu kabisa, ipo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ilipandishwa hadhi mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na ina kilomita za mraba 4,707. Si jangwa: kuna ziwa, viboko, vilima na misitu ya miombo. Ila maswali ni yale yale. Mapori haya yaliumizwa sana baada ya 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Benaco na kambi nyingine za Ngara, kuni zikakatwa na wanyama wakawindwa. Ndiyo maana hapa mwongozaji anayejua wanyama wanakonywa maji ana thamani kuliko gari jipya. Muulize kama kampuni yake ina leseni ya biashara ya utalii. Muulize alisomea wapi, Mweka, Pasiansi au kwingine, na amefanya kazi hifadhi gani. Vaa kaki au kijani kilichofifia, kwa maana mbung'o hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Na anayekuahidi kwamba mtaacha barabara mkafuate nyamera porini anakuuzia kosa. Ndani ya hifadhi za taifa gari halitoki barabarani, na faini ikija mtu wa kwanza kulaumiwa utakuwa wewe uliyemshawishi.

Ningependa kuona siku moja safari hizi zinaendeshwa na vijana wa Ngara na Biharamulo wenyewe, wenye leseni, redio na kamba nzuri. Njia za huku wanazifahamu tangu utotoni, na mafunzo ya uongozaji wa watalii yanapatikana nchini. Halmashauri zetu zinazotangaza vivutio kila mwaka zianze kwa kuwalipia ada vijana wachache.

Wewe unayesafiri mwezi huu, andika maswali haya kwenye simu: upepo mtaushusha hadi ngapi, pampu iko wapi, gari la pili ni lipi, kamba inafungwa wapi, nani ana mamlaka ya kugeuza safari. Uliza kabla ya kulipa. Ukijibiwa "usijali, tumezoea", rudisha fedha mfukoni utafute kampuni nyingine.