Chanjo Haina Miguu

Daktari wa mifugo twamjua. Msaidizi wake hatumtaji. Muguga, magharibi ya Nairobi, ndiko Walter Plowright alikotengeneza chanjo ya sotoka. Lakini chanjo haina miguu: waliovuka nyika na masanduku ya barafu, wakadunga ng'ombe mmoja mmoja, ni wasaidizi, wakiwemo waliosomea Kabete.

Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutoweka duniani. Mwaka huohuo Kenya ilitunga sheria ya kuwasajili wasaidizi sawia na madaktari. Hata hivyo, kusajiliwa si kusikilizwa; ndiyo maana wana chama chao, kinachoongozwa na wenzao walioijua kazi zizini.

Basi binti zetu wakiipenda kazi hii, tusiwaambie kuwa haina heshima.