Runinga, Kompyuta na Safari Mbili za Hewani

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, nianzie mbali kidogo. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, ya kupigia hesabu za serikali. Mwaka 1974 likatoka agizo: kompyuta zisiingizwe tena nchini, na televisheni nazo zisiingizwe. Zilikuwa ghali mno, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo vyake vya kwanza vya televisheni vikaanza kurusha matangazo.

Leo vyombo hivyo viwili vilivyokatazwa pamoja unaweza kuvikuta vimekaa sebule moja pale Majimoto, katika bonde la Rukwa, mahali ambapo maji hutoka ardhini yakiwa ya moto na mashamba ni ya mpunga. Ukimtaka fundi kutoka Mpanda, inabidi apite Sitalike, akatize Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye viboko wake, ndipo afike kwenu. Kwa hiyo ni vizuri kazi hii ya kuunganisha kompyuta na runinga muijue wenyewe. Na mnaiweza.

Tuanze na waya. Geuzeni runinga bapa mtazame nyuma au ubavuni. Mtaona tundu jembamba, pana juu kuliko chini, limeandikwa HDMI. Tundu kama hilo lipo pia kwenye kompyuta nyingi. Waya wake ulitangazwa mwaka 2002, na ndani ya kichwa chake kuna vijipini 19. Chomekeni upande mmoja kwenye kompyuta, mwingine kwenye runinga. Kisha chukueni rimoti, mbonyeze kitufe kilichoandikwa Source au Input, mchague HDMI yenye namba ya tundu mlilochomeka. Wengi hukwama hapa. Waya mzima, kompyuta nzima, ila runinga bado inasikiliza king'amuzi. Picha isipotokea hata baada ya hapo, shikeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P, mchague picha ionekane kotekote. Sauti ikibaki kwenye kompyuta, guseni alama ya spika chini kuliani, mchague runinga.

Sasa fikirini kinachopita mle ndani. Kioo cha runinga ya kawaida ya HD kamili kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisheni: nukta 2,073,600, na kila moja imeundwa kwa taa tatu ndogo, nyekundu, kijani na buluu. Kompyuta huiambia kila nukta iwe na rangi gani, kisha huirudia kazi hiyo mara 60 kwa sekunde. Mimi hili linanishangaza kila ninapolifikiria, na sioni aibu kusema hivyo mbele yenu.

Kompyuta ya zamani huenda ikawa na tundu la VGA lenye matundu 15, la mwaka 1987. Hilo hupitisha picha tu, sauti itafutiwe waya wake. Na runinga ya chogo yenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu inahitaji kifaa cha kugeuzia katikati. Maandishi yataonekana na ukungu, lakini filamu mtaiona. Jambo moja nawakataza kabisa: msifungue mgongo wa runinga ya chogo, hata kama imezimwa. Ndani yake umeme hufika volti 20,000 na zaidi, na unaweza kubaki humo muda mrefu baada ya kuchomoa. Huo unaua.

Tuje hewani sasa. Mwaka 1971 walimu wa Chuo Kikuu cha Hawaii, kwenye visiwa vya bahari ya Pasifiki, walitaka kompyuta za kisiwa hiki zizungumze na za kisiwa kile bila waya. Wakatumia redio. Shida ikawa kwamba kompyuta mbili zikituma kwa wakati mmoja, ujumbe wote huharibika. Wakaamua hivi: ujumbe ukiharibika, kila moja isubiri muda wa kubahatisha, kisha itume upya. Wi-Fi ya leo imetoka katika ukoo huo, na imeongeza adabu nyingine: husikiliza kwanza kama hewa iko kimya, ndipo itume. Ni kama watu waliokaa barazani, ambapo hakuna anayedakia neno la mwenzake.

Wi-Fi hutumia zaidi mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, nayo hupenya kuta vizuri kuliko ya gigahezi 5, ambayo ni ya kasi zaidi lakini huchoka mapema. Bati na kabati la chuma huyarudisha nyuma. Hivyo simu inayogawa mtandao iwekeni juu, mahali pa wazi.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi. Ukiwasha hotspoti ya simu, kuna safari mbili. Ya kwanza ni kutoka simu hadi mnara wa mtandao, na hiyo ndiyo inayokula bando. Ya pili ni kutoka simu hadi kompyuta, hapo hapo sebuleni, na hiyo hailipiwi chochote. Watu wazima wengi huzichanganya, wakadhani bando likiisha Wi-Fi nayo imekufa. Haijafa. Runinga nyingi za kisasa hupokea picha ya kompyuta kwa Miracast, njia iliyotoka mwaka 2012, bila intaneti hata chembe: shikeni kitufe cha Windows na herufi K, mchague jina la runinga.

Kuna lililo kubwa kuliko hilo. Programu ya bure iitwayo Kiwix huiweka Wikipedia ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 70,000, ndani ya kompyuta. Inapakuliwa mara moja tu, hata ikiwa ni mjini Mpanda kwenye mtandao mzuri. Vitabu vya shule mnavyoruhusiwa kupakua navyo huhifadhiwa kwenye kompyuta. Mkirudi Majimoto, washeni hotspoti huku data imezimwa, jambo ambalo simu nyingi hukubali. Kompyuta ijiunge, kisha mwagize Kiwix igawe makala zake. Itawapa anwani ya namba. Watoto wa jirani wakijiunga na hotspoti hiyo na kuiandika kwenye simu zao, watasoma kuhusu moyo wa binadamu au Ziwa Rukwa, huku ninyi mkiisoma makala ileile kwenye runinga.

Wapeni neno la siri la hotspoti bila choyo. Ila kabla ya kuwasha data tena, libadilisheni, maana simu zao zitaanza kujisasisha zenyewe na bando la mama litaisha kabla ya chakula cha jioni.