Mara moja, mara tatu ao mara sita? Chakula, moto wa mwili na kilo

Katika Hewa Bora, kama katika mitaa mingine ya Lubumbashi, ziko nyumba nyingi zinazopika bukari mara moja tu kwa siku, na mara nyingi ni jioni. Miji yetu ya Kongo iko hata na neno lake: delestaji, lililotoka kwenye umeme unaokatwa kwa zamu. Leo wanakula batoto, kesho wanakula bakubwa.

Na bado, katika nyumba zilezile, wako watu wenye kilo nyingi, wenye tansio ao ugonjwa wa sukari, ambao wameambiwa wapunguze. Hapo mashauri yanagongana. Mmoja anasema: kula mara moja, utakonda. Mwingine anasema: kula kidogo kidogo mara sita, mwili utachoma zaidi, kwa sababu ukikaa na njaa moto wake unazimika.

Tuangalie huo moto. Mwili unatumia chakula saa zote, hata wakati wa kulala: moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, damu inapata joto. Ni kama mbabula. Watu wanafikiri ukitia makala kidogo kidogo moto unakuwa mkali kuliko ukitia mara moja. Lakini mwisho wa siku, gunia la makala lililoungua ni lilelile.

Ni kweli kwamba kusaga chakula tumboni kunachoma kitu, karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula chenyewe. Sasa piga hesabu. Mtu akila kalori 2,000 mara moja, kusaga kunachukua karibu 200. Akizigawa mara tano, 400 kila mara, kusaga kunachukua 40, mara tano: 200 tena. Hakuna faida wala hasara.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1997, Bellisle, McDevitt na Prentice walipitia utafiti uliokuwa umefanywa, na hawakuona kwamba kula mara nyingi kunaongeza moto wa mwili. Mwaka 2010, huko Ottawa, Kanada, watu wanene 16 walifuatwa kwa majuma 8. Wote walipunguziwa chakula kwa kiasi kimoja, lakini wengine walikula mara tatu kwa siku na wengine mara sita. Walipungua kilo sawasawa.

Basi, mbona mama anayekula bukari mara moja hakondi? Uangalie mchana wake. Chai ya sukari asubuhi na mikate ya mafuta, chupa ya sukre pale sokoni, kalanga za kukaanga akingoja wateja. Hivyo havihesabiwi, kwa sababu kwetu kula ni bukari. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, mekundu ao meupe, ni kalori 120 hivi. Chupa kubwa ya bia ni karibu 300, na baba akinywa mbili amekunywa chakula kizima, ingawa ataapa kwamba tangu asubuhi hajala kitu. Kisha jioni sahani ni kubwa kwa sababu njaa ni kubwa. Mwenye kutaka kupunguza aanze hapo: sukari, mafuta, bia, na ukubwa wa tonge. Aongeze lengalenga, matembele na maharagi, vinavyojaza tumbo bila kalori nyingi sana.

Lakini iko kitu kinachopunguza moto wa mwili kweli: chakula kidogo kwa muda mrefu. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1945, vijana wanaume 36 waliojitolea walilishwa chakula kidogo kwa majuma 24. Walikula kila siku, mara mbili. Hata hivyo walipoteza karibu robo ya uzito wao, na moto wa mwili ulishuka karibu asilimia 40. Walisikia baridi, moyo ulipiga polepole, kazi ikawashinda.

Sisi tunakijua kipindi hicho bila kwenda Minnesota. Ni Desemba mpaka Februari: mahindi ya mwaka jana yamekwisha, mapya hayajaiva, na palizi ni nyingi. Mwenye kulima kwa jembe anatumia nguvu mara nne ao tano kuliko mtu aliyeketi. Kumwambia huyo ale mara moja ni kumharibia shamba. Nyumba inayotumia kilo 2 za unga kwa siku inahitaji kilo 180 kwa miezi hiyo mitatu. Hesabu hiyo ifanywe wakati wa mavuno, mbele ya kuuza magunia yote kwa bei ya chini na kuja kununua tena kwa bei ya juu.

Na batoto wasiingizwe kabisa katika delestaji. Tumbo la mtoto ni dogo. Hawezi kumeza jioni chakula cha siku nzima, hata sahani ikijaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anayenyonya wa miezi 6 mpaka 8 apewe chakula mara 2 ao 3 kwa siku, na wa miezi 9 mpaka 23 mara 3 ao 4, pamoja na kitu kidogo katikati. Bukari ikipikwa jioni tu, yeye awekewe unga wa uji, na kalanga zilizosagwa ao fretini za unga ndani yake.

Mwenye ugonjwa wa sukari anayepiga sindano ya insulini ao anayemeza dawa asiruke chakula bila kumuuliza muganga, maana sukari inaweza kushuka mpaka azimie. Mama mwenye mimba naye asijaribu. Na anayekonda bila kutaka, hasa akikohoa zaidi ya majuma mawili, aende kituo cha afya wampime.

Wengine wote wanaotaka kujua kama wanapungua wanaweza kupanda kwenye mizani ya magunia pale depo, ile ya kusimama: mara moja kwa mwezi, asubuhi mbele ya kula, bila viatu, na kilo ziandikwe kwenye kaye.