Mbona Kipindi Chetu Hakikusikika?

Mwaka uliopita kikundi chetu hapa Kedowa kilirekodi mazungumzo ya nusu saa kuhusu chanjo ya watoto, tukayapeleka redioni. Mwishoni tulitaja siku ambayo wauguzi wangefika zahanati. Kina mama wengi walikuja kesho yake, wauguzi wameshaondoka. Walituambia kwamba wimbo uliotangulia ulikuwa na kelele mno hata wakapunguza redio, halafu sisi tukaingia kama watu wanaonong'ona. Mama mmoja alidhani betri zimeisha.

Tulitaka kulaumu redio, kumbe kosa lilikuwa letu. Mita ya mashine yetu ilikuwa imewekwa kuonyesha kilele tu, yaani ule mruko mkubwa kabisa wa sauti. Katikati ya mazungumzo upepo ulibamiza mlango, pwaa! Mita ikapanda hadi −1, karibu kabisa na sifuri ambapo sauti huanza kukwaruza. Kijana wetu akaona imejaa, akaacha hivyo. Lakini msikilizaji hasikilizi mlango, anasikiliza nusu saa nzima. Tulipopima upya kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, tukapata −31.

Kipimo hiki kilitolewa mwaka 2006 na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano. Huandikwa LUFS, na hatua moja ni sawa na desibeli moja. Kinajaribu kuiga sikio: ngurumo nzito, kama ya lori zinazopanda barabara ya Nakuru–Kericho, hupunguziwa uzito, na kimya kirefu hakihesabiwi. Mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya walikubaliana kulenga −23. Mwaka huohuo Marekani ilitunga sheria, maana watu walichoka na matangazo ya biashara yanayopiga kelele kwenye televisheni kuliko vipindi vyenyewe.

Sasa, mashine iwekwe vipi? Ingia kwenye mipangilio ya mita, achana na kilele, chagua LUFS. Utaona hesabu tatu. Ya kwanza hutazama sehemu 0.4 ya sekunde, nayo hurukaruka kama panzi; msiifuate. Ya pili hutazama sekunde 3, hiyo ndiyo ya kuangalia mgeni akiongea. Ya tatu ni ya kipindi kizima, na ndiyo redio itakayoulizia. Lazima uianzishe upya kabla ya kurekodi, la sivyo itajumlisha hata yale majaribio yenu ya "moja, mbili, haloo".

Tena mjihadhari. Mita zingine huandika 0 pale penye −23. Sisi tuliwahi kushusha sauti "ifike −23" kwenye mita ya namna hiyo, tukatoka na mnong'ono mbaya kuliko wa kwanza!

Turudi kwa ile −31. Ili kufika −23 ilibidi tuongeze 8. Lakini ule mlango uliokuwa −1 ungeruka hadi 7 juu ya sifuri, na sauti ingepasuka. Basi tuliushusha mlango peke yake kwanza, ndipo tukapandisha kipindi chote, tukihakikisha hakuna kilele kinachopita −1.

Mvua ya alasiri juu ya mabati ni shida nyingine. Mita haijui kama inapima mvua au mama anayeongea, yote inahesabu. Hesabu itapendeza na maneno yasisikike. Siku hizi tunarekodi asubuhi.

Si kila redio inalenga −23, kwa hiyo ulizeni hesabu yao kabla ya kupeleka kazi. Sisi tuliuliza, na kipindi kilichorekebishwa kikarushwa tena kabla ya wauguzi kurudi. Yule mama wa betri anasema safari hii hakugusa redio yake.