Mboga za Gunia katika Ua wa Kibugu

Mtu wa pwani anayepanda milima ya Embu hadi Kibugu hukutana na jambo la kustaajabisha. Mji huo mdogo umezungukwa na udongo mwekundu wenye rutuba, na miteremko ya Mlima Kenya imevikwa majani chai na mibuni. Lakini familia iliyopanga chumba karibu na soko, mathalani ya mwalimu aliyehamishwa au mfanyabiashara mgeni, haina hata hatua kumi za ardhi yake. Ina ua wa pamoja, kamba ya kuanikia nguo na pipa la maji. Mboga ya jioni hununuliwa kila siku, na mwezi ukielekea ukingoni hukopwa.

Ua huo, hata ukiwa mwembamba kama ujia wa Mji wa Kale, hutosha kusimamisha gunia. Wakaazi wa Kibera, Nairobi, walilithibitisha hilo katika dhiki kubwa kuliko hii. Mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kuzisaidia familia za huko kupanda mboga ndani ya magunia mbele ya milango yao. Shamba likawa linasimama wima badala ya kulala.

Namna yake ni hii. Chukua gunia la kilo 90 na mkebe mkubwa uliotobolewa pande zote mbili. Simamisha mkebe katikati ya gunia, uujaze kokoto, kisha uzungushie udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Uvute mkebe juu, uujaze tena, na uendelee hivyo hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo roho ya kazi yote, kwani bila yake maji hubaki juu na mizizi ya chini hufa kwa kiu. Ubavuni toboa matundu madogo kwa mpangilio wa kupishana, upande miche ya sukuma wiki, spinachi na mnavu, ambao wenyeji huuita managu. Juu weka vitunguu na kotmiri. Gunia moja huchukua miche 30 au zaidi.

Maji yasiwe kisingizio. Yaliyooshea mchele au mboga yanafaa, na ya udhu yanafaa zaidi, maana hayana sabuni; yakingwe kwa beseni.

Kuhusu samadi, wapo akina mama wanaosita, na swali lao ni la haki. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, kinyesi cha mnyama ni najisi, hata cha ng'ombe na mbuzi. Hata hivyo, kurutubisha udongo kwacho kunaruhusiwa, na mmea uotao humo ni tohara. Jani lililoguswa na samadi ndilo huoshwa. Kwa maoni yangu, linalostahili wasiwasi zaidi ni mboga ya sokoni usiyojua ilinyweshwa nini, kwani pembezoni mwa mito ya Nairobi wapo wanaomwagilia kwa maji machafu ya mji. Ya uani unaijua tangu mche. Hakikisha tu kwamba gunia liko mbali na choo cha shimo, na kwamba samadi ya kuku imeoza barabara, la sivyo itaiunguza mizizi.

Mgeni wa pwani asilazimishe mazoea yake. Bamia hupenda joto, na Kibugu ni baridi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na jua kujificha siku nzima. Majira hayo nyanya hushambuliwa upesi na bakajani, ugonjwa unaoacha mabaka meusi kwenye majani na matunda. Heri kuziacha nyanya hadi joto lirejee, na gunia kuliweka mahali panapopata jua saa tano au sita kwa siku.

Mnavu huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tano au sita. Baridi ikizidi, huchelewa. Chuma ncha tu, uache shina lichipue tena. Watoto wakatazwe kula matunda yake mabichi ya kijani, kwani yana sumu. Sukuma wiki huvunjwa majani ya chini kwanza, mawili matatu kwa kila mche, na kwa miche 30 sufuria ya jioni hupata chake bila mtu kwenda sokoni.