Kwa nini bingwa wa fizi husoma miaka 3 zaidi

KUPANDIKIZA jino huonekana kwa wengi kuwa kazi ya kiufundi tu: taya hutobolewa, skrubu hukazwa, jino la bandia huwekwa juu yake na mgonjwa huenda zake. Mafunzo ya ubingwa wa fizi nchini Marekani yamejengwa juu ya msingi tofauti, kwamba kipandikizi hakiwezi kudumu katika fizi na mfupa vyenye maradhi.

Nchini humo, daktari wa meno kwa kawaida husoma chuo kikuu miaka 4, kisha udaktari wa meno miaka mingine 4. Anayetaka ubingwa wa fizi huongeza miaka 3 mfululizo ya masomo, yenye mafunzo ya miezi isiyopungua 30, kwa mujibu wa viwango vya tume inayotoa ithibati kwa vyuo vya meno, CODA.

Ugonjwa wenyewe huanza na ukoga, yaani utando wa bakteria unaojikusanya pale jino linapokutana na ufizi. Usipoondolewa, ufizi huvimba na kutoa damu. Ukiendelea kupuuzwa, ufizi huachana na jino, mfuko hujitokeza kati yake, na mfupa huliwa polepole, aghalabu bila maumivu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1 wana ugonjwa huo katika hali mbaya.

Kwa sababu hiyo, kazi ya mwanafunzi huanzia kwenye vipimo. Kwa kifaa chembamba chenye alama za milimita, hupima kina cha ufizi katika sehemu 6 za kila jino. Milimita 1 hadi 3 ni hali ya kawaida. Kina kinachozidi hapo, kikiambatana na damu, ni dalili ya hatari.

Baada ya vipimo hujifunza kusafisha mizizi chini ya ufizi, kufanya upasuaji na kujazia mfupa au nyama ya ufizi iliyopungua. Aidha, hufundishwa kumpa mgonjwa dawa za utulivu wakati wa upasuaji, na kuwahudumia wenye kisukari, kwani kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana.

Elimu ya vipandikizi ilikuja baadaye. Mwaka 1952, mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, akichunguza mifupa ya sungura, alibaini kuwa titaniamu hushikamana na mfupa ulio hai. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, na vilidumu hadi mgonjwa huyo alipofariki dunia mwaka 2006.

Hata hivyo, ingawa kipandikizi hakiozi kama jino, bakteria wa ukoga huweza kushambulia ufizi na mfupa unaokizunguka mpaka kikalegea na kutoka. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mvutaji wa sigara na kwa mtu aliyepoteza meno yake kwa ugonjwa wa fizi. Kwa hiyo, viwango vya CODA vinamtaka mwanafunzi amudu kuweka vipandikizi, kuvitunza na kutibu maradhi yanayovizunguka.

Akihitimu, anaweza kufanya mitihani ya bodi ya ubingwa huo, wa maandishi na wa mdomo.

Kwa upande mwingine, daktari wa kawaida wa meno mwenye leseni nchini Marekani naye huruhusiwa kupandikiza meno, na tume ya kitaifa inayotambua fani za ubingwa wa meno haijaifanya kazi hiyo kuwa ubingwa unaojitegemea. Baadhi huipata elimu hiyo kwa kozi fupi, na wengine kwa miaka mingi ya mazoezi. Kibao cha mlangoni pekee hakitoshi kumwonyesha mgonjwa tofauti hiyo.

Mgonjwa anayeshauriwa kupandikiza jino anapaswa kuuliza kwanza iwapo fizi zake zimepimwa, iwapo ugonjwa uliopo umetibiwa, na nani atakayekikagua kipandikizi miaka ijayo. Anapaswa pia kuuliza kama jino linalotakiwa kung'olewa haliwezi kuokolewa, kwa kuwa likishatoka halirudi.